Tua kimya: mwongozo kwa binti anayecheza netiboli shuleni

Mtihani wangu wa kwanza kwa mchezaji mpya hauna mpira. Namwambia apande juu ya benchi la darasani aruke chini, na mimi nageuka nisikilize. Wengi wanatua puu! kama gunia la mahindi linaloshushwa kwenye lori. Mara chache anatokea anayetua husikii kitu, hadi unageuka kuhakikisha kama ameruka kweli. Huyo namwandika kwenye daftari siku hiyo hiyo, hata kama hajui kudaka.

Nilicheza GD, nafasi ya ulinzi karibu na goli, nikiwa sekondari, na sasa ni mwalimu wa michezo katika shule ya kata yenye uwanja wa udongo na magoli mawili ya nondo aliyotuchomelea fundi wa jirani. Kila Januari, wasichana wanapoanza kujiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, napata swali lile lile, mara nyingi kwa sauti ya chini, wenzake wakishaondoka: "Mwalimu, nifanyeje nisiogope?" Nawaambia waanze na magoti, na wengi hunitazama kana kwamba sijalisikia swali. Lakini woga mwingi ninaouona uwanjani una sababu inayoshikika. Mwili haujui utafikaje chini. Sidiria imelegea. Tumbo halina kitu tangu asubuhi. Ukimwambia binti wa hivyo "jiamini", umemwongezea mzigo wa kubeba. Tutengeneze kwanza vinavyoshikika.

Hatua ya 1: Jifunze kutua

Netiboli ni mchezo wa kusimama ghafla. Ukidaka mpira huku unakimbia, mguu uliotangulia kugusa chini unaweza kuuinua, ila hauruhusiwi kurudi chini ukiwa bado umeshika mpira. Maana yake mbio zako zote zinaishia kwenye goti moja. Na wasichana, tangu balehe, wanachana ile kano ya katikati ya goti mara kadhaa zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo wa aina hiyo hiyo. Mifupa inarefuka haraka, uzito unaongezeka, na misuli ya nyuma ya paja haijapata nguvu ya kuvishika vyote hivyo. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukitua, magoti yanabusiana.

Anza hivi, wiki mbili za kwanza, miguu miwili pamoja. Ruka juu papo hapo ulipo. Ukishuka, vidole vya miguu viguse kwanza, kisha nyayo. Magoti yakunjike yakielekea kule vidole vinakoelekea, makalio yarudi nyuma kama unayetafuta kigoda, kifua kibaki juu. Ganda hapo kwa sekunde tatu, ukihesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu". Fanya mara 8, pumzika, rudia hadi raundi tatu. Mwenzako asimame mbele yako na kazi yake iwe moja: kutazama magoti na kusema "ndani" kila yanapoingia ndani. Mkipata simu ya mwalimu, rekodini kwa mbele. Nimeona binti akibisha wiki nzima kwamba magoti yake yamenyooka, akaoneshwa video ya sekunde kumi, akanyamaza.

Wiki ya tatu ongeza mpira: mwenzako anarusha juu, unaruka, unadaka, unatua, unaganda. Wiki ya nne tua kwa mguu mmoja. Wiki ya tano mwenzako akusukume begani kidogo ukiwa hewani, maana kwenye mechi hakuna atakayekuachia njia. Usiruke hatua. Anayekimbilia mguu mmoja wiki ya kwanza kwa sababu ya miguu miwili "ni ya watoto" ndiye ninayemrudisha mwanzo mwezi wa tatu.

Kwa misuli ya nyuma ya paja kuna zoezi moja ambalo wachezaji wangu wanalichukia kuliko yote. Piga magoti kwenye nyasi au juu ya kanga iliyokunjwa, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu. Nyoosha mwili kuanzia magotini hadi kichwani, halafu jishushe mbele polepole, uking'ang'ania usianguke, mpaka uzito ukuzidi, kisha jipokee kwa mikono. Mara tatu tu kwa kuanzia, siku mbili kwa wiki. Kesho yake utapanda ngazi kama bibi. Ni kawaida, na baada ya wiki mbili maumivu hayo hupungua sana.

Hatua ya 2: Pasha mwili kila mara, dakika 15

Kimbia taratibu kuzunguka uwanja mara mbili. Kimbia kiubavu, kisha kinyumenyume. Inua magoti, piga visigino makalioni. Chuchumaa na kusimama mara 10. Lala kwa viwiko na ncha za vidole, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20 mara tatu. Simama kwa mguu mmoja huku mnarushiana mpira. Maliza kwa mbio fupi za kasi na kutua kimya mara tano. FIFA waliutengeneza mpango wa aina hii kwa wachezaji wa soka na kuuita 11+, na timu zinazoufuata kwa dhati huumia kidogo kuliko zile zinazonyoosha mikono mara mbili na kuingia uwanjani. Nahodha ausimamie, hata siku ambayo mwalimu amechelewa.

Hatua ya 3: Mavazi yasiyokusumbua

Nilikuwa na mchezaji wa WD (mlinzi wa pembeni), mrefu, mwepesi, aliyekataa kuinua mikono juu kukaba. Nilimfokea kwa majuma mawili. Siku moja GK wetu (mlinda goli) akanivuta pembeni: "Mwalimu, sidiria yake imekatika kamba, ameifunga kwa pini." Niliona aibu hadi leo ninapoandika.

Sidiria ya michezo si anasa. Kwenye mitumba zipo, ila zipime kabla ya kununua. Mkanda wa chini ukae bapa mbavuni na uingize vidole viwili tu, ukiinua mikono usipande, na ukirukaruka dukani (ruka, muuzaji ameshaona mengi) matiti yasicheze sana. Ukikosa, vaa mbili za kawaida, moja juu ya nyingine, inayobana iwe juu. Msifunge kanga kifuani. Kufunga kibwebwe kiunoni ni sawa, wazee wetu walijua walichofanya, lakini kifua kilichobanwa kwa kanga hakivuti hewa ya kutosha robo nzima ya mchezo.

Chini ya sketi vaa taiti ya rangi nyeusi. Anayevaa hijabu acheze na hijabu, ya kitambaa chepesi kinachobana kichwa bila pini, pamoja na suruali au taiti ndefu. FIFA waliruhusu hijabu mwaka 2014 na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu, mwaka 2017, kwa hiyo atakayekwambia mchezo na stara havikai pamoja yuko nyuma ya wakati. Raba ziwe zinabana kisigino. Kama timu nzima inacheza peku, basi wote mcheze peku na uwanja ufagiliwe vizuri. Kinacholeta majeraha ni kuchanganya, wenye raba wakiwakanyaga wasio nazo.

Hatua ya 4: Chakula, na damu

Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji madini ya chuma mengi kuliko mvulana wa umri wake, kwa sababu anayapoteza kila mwezi. Akiyakosa, damu inapungua, na mapafu yanakuwa kama ya mtu aliyepanda mlima. Nimewaona mabinti wanaoitwa wavivu kumbe wana upungufu wa damu. Ukiona kizunguzungu unapoinuka, moyo unadunda kwa kazi ndogo, ndani ya kope pamepauka, au una hamu ya kutafuna udongo au mchele mbichi, nenda kituo cha afya wakupime wingi wa damu. Na huo udongo uache, hauongezi damu hata tone.

Dagaa, maini, maharage, kunde, mchicha na matembele ni vyakula vya nyumbani na vinatosha ukivila mara kwa mara. Kamulia limao au kula chungwa pamoja navyo, mwili uchukue chuma zaidi. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo iache ikae walau saa moja baada ya mlo. Siku ya mazoezi usiingie uwanjani saa kumi jioni ukiwa na uji wa saa nne tu. Kiazi kitamu cha kuchemsha, ndizi mbili au karanga za mfuko mdogo, saa moja kabla, vitakubeba. Maji kunywa tangu asubuhi. Ukiyabugia dakika tano kabla ya filimbi, yatacheza tumboni.

Usipunguze kula ili uwe mwembamba wa kuruka. Kila mwaka nina mmoja anayejaribu, na kila mwaka huyo ndiye anayechoka robo ya tatu.

Usingizi wa umri wako ni saa 8 hadi 10. Najua kuna prepo na najua kuna kuamka alfajiri, sitajifanya sijui. Pata saa moja ya ziada Jumamosi na Jumapili, na simu isilale nawe kitandani.

Hatua ya 5: Siku zako

Unaweza kucheza ukiwa kwenye siku zako, na wengi huona maumivu yanapungua mwili ukipata joto. Badili pedi muda mfupi kabla ya mechi, ya ziada iwe kwenye begi, taiti nyeusi ifanye kazi yake. Wanaotumia vitambaa, vifueni na kuvianika juani vikauke kabisa. Kuvificha chini ya godoro vikiwa na unyevu ndiko kunakoleta muwasho.

Andika tarehe kwenye daftari lako la mazoezi. Ukishaona miezi mitatu, utajua lini pawe na pedi begini, na utajua pia kama zimekoma. Zikikatika miezi mitatu mfululizo, na ujauzito haupo, mara nyingi mwili unakwambia unatumia nguvu nyingi kuliko chakula unachokula. Mwambie mama au nesi. Wengine hufurahi kwamba usumbufu umeondoka, wakati mifupa inaanza kudhoofika.

Timu yangu ina begi moja jekundu. Ndani yake kuna pedi, taiti mbili, sabuni na kanga. Haombi mtu, haulizi mtu, anafungua na kuchukua. Tangu begi lile liwepo, idadi ya wanaokuja kuniambia "mwalimu leo naumwa" imepungua mno.

Hatua ya 6: Toa sauti

Hapa ndipo pagumu kuliko hata lile zoezi la kupiga magoti. Binti amelelewa asipaze sauti, halafu tunamweka katikati ya uwanja wa mita 30 na nusu kwa 15 na robo, tunataka apige kelele "Nipe!" Haitoki. Anasimama peke yake, hana mkabaji, anapunga kidole kidogo kiunoni akitumaini aonekane.

Sauti ifundisheni kama pasi. Tengenezeni duara la watu saba. Hakuna kurusha mpira mpaka anayetaka ataje jina la mwenye mpira na kusema "Nipe". Asiposikika ng'ambo ya pili ya duara, mpira haurushwi. Siku ya kwanza watacheka hadi wakae chini, waacheni wacheke. Siku ya tatu ongezeni maneno ya kazi: "Nyuma yako!", "Una muda!", "Geuka!" Senta awe wa kwanza kuzoea, kwa sababu ndiye anayeona pande zote.

Mchezaji mmoja wa kidato cha pili, mpole kiasi kwamba nilimsogelea kumsikia akijibu "abee", alianza kwa kusema majina tu. Mwezi wa nne nilimsikia kutoka ofisi ya walimu.

Hatua ya 7: Hesabu, usikisie

Kama unacheza GS au GA, yaani wewe ni mfungaji, chukua daftari. Rusha mipira 50 golini kila siku ya mazoezi na uandike iliyoingia: 20 karibu na goli, 20 katikati ya nusu duara, 10 ukingoni. Pete iko juu mita 3.05, kwa hiyo mpira unatakiwa upande kwanza ndipo ushuke. Shika mpira kwa ncha za vidole juu ya kichwa, kiwiko kitazame pete, kunja magoti, nyoosha mwili, malizia kwa kifundo cha mkono. Mpira unaokwenda bapa hugonga ukingo wa mbele, na hilo ni kosa la magoti, mara chache ni la mkono.

Una sekunde tatu tangu udake. Ni nyingi kuliko unavyodhani: tua, pumua nje, tazama ukingo wa nyuma wa pete, funga. Fanya mfuatano huo huo kila mara, mazoezini na kwenye mechi, mpaka mwili uuzoee. Mkabaji anatakiwa akae sentimita 90 kutoka mguu wako uliotua, na mikono yake hairuhusiwi kukugusa hata ikirefuka vipi. Mwenzako akukabe hivyo mazoezini, apige na kelele.

Siku umekosa mitano mfululizo mbele ya shule nzima, daftari ndilo litakalosema kweli: Februari ulifunga 19 kati ya 50, leo 34. Ukipoteza mpira, usishike kichwa wala usiombe radhi. Sema neno moja, timu yangu tunasema "kaba", na ukimbie kumkaba uliyempa mpira.

Hatua ya 8: Panga na nyumbani

Wasichana wengi wanaacha timu kwa sababu ya ndoo ya maji. Usisubiri ugomvi. Zungumza mapema, na uende na mpango mkononi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Mama, tumeanza mazoezi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mpaka saa kumi na mbili kasoro. Maji nitachota alfajiri kabla sijaenda, vyombo nitaosha nikirudi. Na namba ya mwalimu ni hii, ukitaka kumuuliza."
"Na masomo?"
"Nikishuka, wewe mwenyewe unitoe."

Hilo la mwisho ni gumu kulisema, lakini mama wengi nawajua wamelegea hapo hapo. Kisha timiza. Ndoo isipojaa siku mbili, ahadi imekufa.

Hatua ya 9: Watu wa pembeni

Watakuwepo wavulana kwenye mstari wanaotaja maumbile yako. Usiwajibu, endelea kucheza. Nahodha amwambie mwalimu au refa, na ni kazi yetu sisi watu wazima kuwaondoa. Mwalimu anayecheka pamoja nao, mripoti.

Kambini shikeni kanuni hizi: hakuna anayechuliwa misuli peke yake chumbani na mwalimu au kocha wa kiume, hakuna anayeitwa usiku kwenda kuchukua jezi, na hakuna namba ya timu inayolipiwa kwa mwili. Tembeeni wawili wawili. Likitokea, mwambie mtu mzima unayemwamini, na asipokusikiliza mwambie mwingine. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure, Tanzania na Kenya.

Hatua ya 10: Ukiumia

Kidato cha tatu nilitua vibaya, nikasikia goti limelia "tak". Nikachuliwa kwa maji ya moto jioni ile ile na mtu aliyejulikana kwa kuchua. Kesho yake goti lilikuwa kama papai. Sikurudi uwanjani mwaka ule.

Kwa hiyo: goti likilia na kuvimba ndani ya saa chache, au likiwa linateguka ukikanyaga, mechi imekwisha kwako, nenda hospitali. Kifundo cha mguu kikipinda, pumzisha, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu. Siku mbili za kwanza hakuna kuchua, hakuna maji ya moto. Ukigonga kichwa ukaona giza au kichefuchefu, hurudi kucheza siku hiyo hata kama imebaki dakika moja na hakuna wa akiba, na muoneshe daktari.

Asubuhi ya mechi

Kula mapema, ulichokizoea. Suka au bana nywele vizuri. Vua hereni, bangili, cheni na shanga. Kata kucha, maana refa atawapanga mstari na kupitisha kidole chake kwenye ncha za vyenu mmoja mmoja. Kikata kucha ninacho mfukoni, ila ukifika hapo ndipo unakiomba, tutatazamana.